Fundi wa Stima na Fayba: Leseni Gani Unahitaji, na Nani Anakula Jasho Lako?

Kuna biashara moja mtaani haijawahi kuwekwa kwa bango lakini kila fundi wa stima anaijua. Landilodi amemaliza ploti. Wewe ndio umepasua ukuta, umepitisha paipu, umevuta waya, umefunga soketi, swichi na breka. Siku ya kuitisha mita ikifika, Kenya Power wanataka kitambulisho, PIN ya KRA, mchoro wa kuonyesha keja iko wapi, na cheti cha wayaringi kilichosainiwa na mtu mwenye leseni. Hapo ndio mambo hukwama, juu leseni hauna.

So anatafutwa msee ako nayo. Anapiga muhuri bila hata kukanyaga site, anachukua doo yake, anahepa. Kazi ni ya wiki mbili, saini ni ya dakika mbili, na mara nyingi huyo wa dakika mbili ndiye anatoka akiwa na raha kuliko wewe.

Wacha tuseme ukweli kuhusu hiyo saini. Ile karatasi si risiti. Anayesaini anasema kazi ilifanywa na mtu anayeruhusiwa, na kwamba imekaguliwa na kupimwa. Kupima si kuwasha taa na kusema “imeshika.” Ni kuangalia kama earth inafika kila soketi, kama live na neutral hazijabadilishana, na kupima waya na mega ya volti 500 uone kama kuna mahali stima inavuja. Ikisoma chini ya megaohmu 1, hiyo nyumba haifai kupewa stima bado. Msee aliyesaini akiwa kwa hoteli anakula chapo hajapima kitu.

Na nyumba ikishika moto? Jina kwa karatasi ni lake, lakini mikono kwa ukuta ni yako. Sheria ya Kawi ya 2019 haisemi tu anayesaini awe na leseni. Inasema anayefanya kazi ya kuweka stima awe ameidhinishwa. Kwa hivyo mko ndani wote wawili, na wewe ndiye uliyelipwa kidogo.

Leseni ya stima iko wapi?

Iko kwa EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Wazee wa kazi bado wanaiita ERC, juu hilo ndilo lilikuwa jina kabla ya sheria ya 2019. Madaraja yanaanza C2, halafu C1, B, A2, na juu kabisa A1. C2 ndio mlango wa kuingilia: nyumba ndogo, stima ya fezi moja, hizi keja za kawaida. A1 anagusa kila kitu. Ukiwa C2 usijidanganye ukachukua kazi ya kiwanda cha fezi tatu juu tu mwenyewe ni beshte yako.

Kitu wengi huchanganya ni kwamba kuna karatasi mbili. Moja ni yako kama fundi, inasema una ujuzi wa daraja fulani. Ya pili ni ya biashara, ile ya mkandarasi, ndio inakuruhusu kuchukua kazi kwa jina lako na kutoa kile cheti cha Kenya Power. Msee anaweza kuwa na ya kwanza miaka yote na bado anabeba cheti cha mwingine.

Maombi ni ya mtandaoni, na EPRA huita watu kwa mahojiano. Wanauliza vitu vya kazi kweli kweli, si kuimba ufafanuzi wa Ohm. Pia wanaweka hadharani orodha ya wenye leseni, so landilodi mjanja anaweza kukucheki kabla hujafungua tulboksi. Leseni huisha muda. Kuna wasee wanatembea na ya zamani ndani ya karatasi ya plastiki kama picha ya harusi, na haina kazi tena.

Sikumaliza chuo, nimekatwa?

La. Hii ndio sehemu naipenda, na sijifichi, mimi pia chuo niliiacha njiani.

Kuna NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, wenye mitihani ya ufundi inaitwa gredi. Unaanza Gredi III, unaenda II, unamaliza na I. Mtihani una maswali ya kuandika, lakini mzito ni ule wa mikono: unapewa ubao, waya na mchoro, unafunga, mkaguzi anaangalia. Aliyejifunzia kwa mjengo miaka minne anaweza kukaa hapo bila kuwahi kuona lango la poli. Mchezo wa gredi ni kwamba zinakuhesabia mbele za EPRA: unachukua gredi, unapata mahali pa kusimama, ndio unaomba daraja.

Pia kuna mpango wa kutambua ujuzi uliopata nje ya darasa, ulio chini ya mamlaka ya kitaifa ya kufuzu, KNQA. Wanakupima kwa kile unajua, si kwa ulikaa dawati gani. Weka ushahidi: picha za kazi zako, barua za watu uliowafanyia, tarehe. Hizo picha unapostia statasi ziko na kazi nyingine.

Data na fayba ni nyumba nyingine kabisa

Hapa ndio vijana wengi hukosea. Unafikiri ukiwa na C2 unaweza kuvuta kebo ya data kwa ofisi ya watu. EPRA haihusiki na data. Mwenye hiyo nyumba ni CA, Mamlaka ya Mawasiliano, ile iliyokuwa ikiitwa CCK hadi sheria iliporekebishwa 2013. CA huandikisha wakandarasi wa mawasiliano na pia mafundi wenyewe. Mtaani hakuna anayekuuliza. Lakini tenda ya shule, hospitali au benki ikitoka, karatasi ya CA huwa kwa ukurasa wa kwanza wa masharti, na hapo ndio kampuni ya mtu mwingine inachukua kazi halafu inakuita wewe uifanye kwa bei ya siku.

Ukiongeza sola, hiyo nayo ina mlango wake. Tangu kanuni za 2012, mafundi wa sola wana leseni za EPRA za T1, T2 na T3, kutoka paneli ndogo ya taa na simu hadi mtambo mkubwa unaounganishwa na laini ya Kenya Power. T3 ndio moto saa hii, juu kanuni za 2024 zinaruhusu mwenye sola kurudisha stima ya ziada kwa laini na kuhesabiwa kwa bili. Na mjengo mkubwa ukiwa na kampuni, NCA wanataka mkandarasi ameandikishwa kwao na mafundi pia. Hiyo tuiachie hapo, makala yake ni ndefu.

Kuhusu nguzo: zile kebo nyeusi zimening'inia mtaani kama nguo za kuanika ziko juu ya mali ya watu. Kenya Power hukodisha nguzo zao kwa kampuni za intaneti, kwa mkataba. Ukipanda na kufunga fayba ya jirani bila mkataba, kebo yako inaweza kukatwa mchana peupe na huna pa kulalamika. Cha kuogopa zaidi ni kwamba waya wa stima uko mita chache juu ya kichwa chako na hauna ganda. Ngazi ya chuma hapo ni kutafuta maombolezo.

Rangi ambazo zinaua

Tukae hapa kidogo, hii ndio sehemu fundi mzuri anaweza kufa nayo.

Nyumba za zamani Kenya ziliwekwa kwa rangi za zamani za Uingereza: nyekundu ni live, nyeusi ni neutral. Kwa fezi tatu ilikuwa nyekundu, manjano na bluu. Uingereza walibadilisha, na kufika 2006 rangi mpya zikawa lazima kwao: brauni ni live, bluu ni neutral, na fezi tatu ni brauni, nyeusi na kijivu. Waya za rangi zote mbili ziko kwa maduka yetu hadi leo.

Sasa angalia. Nyeusi kwa nyumba ya zamani ni neutral. Kwa kazi mpya ya fezi tatu, nyeusi ni live. Bluu ya zamani ni live, bluu mpya ni neutral. Jengo lililoongezwa ghorofa mwaka juzi lina zote mbili ndani ya boksi moja. Hakuna rangi ya kuamini hapo. Zima swichi kubwa, pima na mita, halafu ndio uguse. Testa ya bisibisi ya soo moja si kipimo, inaweza kukuonyesha giza na waya uko hai.

Na unene wa waya si siri ya wazee. Kawaida taa ni milimita 1.5, soketi 2.5. Shawa ya maji moto ya papo hapo ya wati 5,400 kwa volti 240 inavuta ampea 22.5, kila mtu akioga. Hiyo inataka waya wake mnene, wengi huweka milimita 6, breka yake peke yake, na earth ya ukweli. Wapangaji wanaorushwa na shawa wakishika bomba mara nyingi wanaishi kwa ploti ambayo earth iliishia kwa mdomo wa fundi.

Halafu kuna waya feki. Shika rolo: ikiwa nyepesi kuliko kawaida na bei ni tamu, shaba imepunguzwa. Alama ya KEBS ya ubora ina namba chini yake. Tuma SM, alama ya #, halafu hiyo namba kwa 20023, ujibiwe ni ya nani. Kama jina linalorudi si la kiwanda kilichoandikwa kwa rolo, rudisha.

Kwa data ujanja ni uleule. Kuna Kati 6 ya bei ya chini ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza na kisu: ukiona nyeupe, umeuziwa alumini. Intaneti inaweza kushika siku ya kwanza na mteja akafurahi. Shida ni kamera na rauta za ukutani zinazokula stima kupitia kebo hiyohiyo. Alumini inakataa stima zaidi kuliko shaba, kebo inapata joto, kamera ya mwisho inazima usiku, na simu inalia kwako. Kumbuka pia mwisho ni mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, ukihesabu na zile kebo fupi za mwisho. Mita 130 “inayoshika” si kazi, ni bahati.

Wa fayba: ile laser huioni. Mwanga wa intaneti uko nje ya kile jicho linaona, so kuchungulia kebo uone kama “iko na taa” ni kuchezea jicho lako. Tumia kipimo cha mwanga. Na vipande vya glasi unavyokata, weka kwa chupa yenye kifuniko, si kwa kapeti ya mteja mwenye mtoto anatambaa.

Ukianguka, nani analipa?

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, wengi wanaijua kama WIBA, inamtaka mwajiri akukatie bima. Kwa kifo au ulemavu wa kudumu kabisa, hesabu ni mshahara wa miezi 96. Shida ni kwamba WIBA inalinda mwajiriwa. Kampuni ikikuita “mkandarasi binafsi” ilhali inakupa yunifomu, ngazi, na saa ya kufika, inajaribu kuhepa hapo. Mkataba unaweza kuwa wa mdomo, lakini ni lazima uweze kuuonyesha: jumbe za M-Pesa za malipo, maagizo ya WhatsApp, picha ukiwa kazini. Usifute. Na ukiumia, ripoti kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi, hata kama ni meseji.

Kulipwa nako kumebadilika

Tangu Januari 1, 2024, kampuni haiwezi kukata gharama kwa hesabu ya ushuru bila invoisi ya eTIMS. Kwa lugha ya mtaa: ukimfanyia bazu wa kampuni kazi ya laki moja na umpe risiti ya kitabu cha duka, yeye anapata hasara, so atakuzungusha au atatafuta fundi mwingine. eTIMS inaingia kwa simu, unahitaji PIN tu. Kampuni pia inaweza kukukata asilimia 3 ya ushuru wa kandarasi kabla ya kukutumia. Kwa hiyo laki, ni thao tatu. Hizo si zao, zinaenda KRA kwa jina lako. Itisha cheti cha makato, na ukijaza ritani mwezi wa sita usisahau kuzidai.