Habari za Kitenzi cha Kufundisha katika Kiingereza

Maneno yana nasaba kama watu. Lipo neno lililozaliwa katika nyumba tukufu likaishia ufukarani, na lipo lililoanza na kazi ndogo likapanda hata likaketi mahali pa mkubwa wake. Mwanafunzi wa Kiingereza huambiwa mapema kwamba “teach” ni kufundisha na “learn” ni kujifunza, na kwamba mwenye kukitumia cha pili mahali pa cha kwanza amedhihirisha ujinga wake. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa Kiingereza sanifu cha leo. Walakini haikuwa ya kweli siku zote, na habari ya jinsi ilivyopata nguvu yastahili kusimuliwa, maana ndani yake mna swali zito: ni nani mwenye haki ya kuuhukumu usemi wa mwenzake?

Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuitamalaki Uingereza mwaka 1066, “teach” kilikuwa “tæcan”, na maana yake ya asili ilikuwa kuonyesha: kumwonyesha mtu njia, kumwelekeza, kumwagiza la kutenda. Ndugu yake ni “token”, yaani ishara au alama. Na jamaa yake katika Kijerumani ni “zeigen”, ambacho hata leo maana yake ni kuonyesha. Kazi ya kufundisha ilishikwa hasa na kitenzi kingine, “læran”, na ile ya kujifunza ilishikwa na “leornian”. Vitenzi hivi viwili ni wana wa shina moja, ambalo wanaisimu hulihusisha na nyayo au njia iliyokwisha kupitiwa. Mwenye kufundisha na mwenye kufundishwa walikuwa kama wasafiri wa njia moja, mmoja mbele na mwingine nyuma.

Ushahidi wa matumizi hayo umo katika maandishi ya Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex tangu mwaka 871 hata 899. Katika dibaji ya tafsiri yake ya kitabu cha Papa Gregori juu ya kazi ya uchungaji, Mfalme alisikitika kuona elimu ya Kilatini imedidimia katika nchi yake. Akashauri kwamba vijana walio huru na wenye nafasi wapewe kwanza elimu ya kusoma Kiingereza, na wale watakaoendelezwa zaidi wafundishwe Kilatini baadaye. Kitenzi alichokitumia kwa mafundisho hayo ya Kilatini ni “læran”. Nakala aliyoipeleka kwa askofu wa Worcester ingali imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford.

Baada ya mwaka 1066 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kiingereza kikabaki zaidi vinywani mwa raia. Miisho ya maneno ikapukutika, na vitenzi vile viwili vya shina moja vikakaribiana hata vikaingiliana. “Learn” kikaanza kubeba maana zote mbili, ya kutoa elimu na ya kuipokea. Hapana ajabu katika jambo hilo. Mholanzi husema “leren” na Mfaransa husema “apprendre” kwa maana zote mbili hadi leo, wala hapana aliyewaita wajinga kwa sababu hiyo. Wakati huohuo “teach” kilikuwa kikipanda daraja, kikiacha polepole maana ya kuonyesha na kushika ya kufundisha. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alipomsifu mwanachuoni wa Oxford aliviweka vitenzi vyote viwili katika mstari mmoja, kila kimoja kwa kazi ile kinayoifanya leo. Kwa hiyo mpaka ulikwisha kuonekana, lakini haukuwa umefungwa.

Kwa karne nyingi watu waliuvuka bila ya kuona haya. Zaburi zilizomo katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 zilitokana na tafsiri ya Miles Coverdale ya karne ya 16. Katika Zaburi ya 25 na ya 119 mwenye kusali humwomba Mungu amfundishe, na kitenzi anachokitamka ni “learn”. Biblia iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James iliweka “teach” mahali hapohapo. Basi Mwingereza wa zamani hizo aliweza kusoma kitenzi kimoja katika Biblia na kutamka kingine katika sala, na vyote viwili vilikuwa vitakatifu.

Shakespeare naye alivichanganya kwa namna isiyosahaulika. Katika mchezo wa “The Tempest”, ulioonyeshwa mwaka 1611 na ambao S. S. Mushi aliufasiri kwa Kiswahili kwa jina la “Tufani”, Caliban, mwenyeji wa kisiwa, huwashutumu wageni waliomfundisha lugha yao. Katika maneno yale machache hutumia “teach” na “learn” kwa tendo lilelile moja. Msomaji wa leo huenda akadhani kwamba mtumwa yule amekosea sarufi ya bwana wake. La, hakukosea, alisema Kiingereza safi cha siku zake. Hukumu ya kosa ilikuja baada yake.

Ilikuja kwa hatua. Samuel Johnson katika kamusi yake ya mwaka 1755 alieleza kwamba katika lugha nyingi za Ulaya neno moja humaanisha kufundisha na kujifunza, kisha akasema kwamba matumizi hayo yamekwisha kuchakaa katika Kiingereza. Alichakaza kwa kalamu jambo lililokuwa zima midomoni mwa wengi. Waandishi wa sarufi wakafuata, na shule zilipoenea Uingereza baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1870, watoto wa wakulima na wa wafanya kazi wakasahihishwa neno walilolipokea kwa babu zao. Neno lenyewe halikufa: lingali hai katika lahaja nyingi za Uingereza na Marekani. Kilichobadilika ni heshima yake. Lililokuwa neno la sala limekuwa alama ya mtu asiyesoma.

Habari hii si ya Waingereza peke yao. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kiliwekwa kando, ingawa ndicho alichokitungia mashairi Muyaka bin Haji. Mtoto wa Mombasa aandikapo “mato” kwa macho, au “nti” kwa nchi, hupigwa mstari mwekundu kwa maneno yaliyompa Muyaka sifa. Usanifu una faida yake, kwa kuwa vitabu na mitihani huhitaji kipimo kimoja. Lakini kipimo ni mapatano ya watu, nayo yana tarehe.

Kiswahili chenyewe kimelihifadhi jambo ambalo Kiingereza kimelitenga. Funda, funza, fundisha na jifunza ni tawi moja. Mwanafunzi na fundi ni wa ukoo mmoja. Ajifunzaye hutajwa kama mtu ajifanyiaye mwenyewe kazi ya mwalimu. Mwalimu akumbukaye hayo atasahihisha daftari kama inavyompasa, naye atamwambia mwanafunzi wake kwamba neno hili halitumiki katika usanifu wa leo. Hatamwambia kwamba waliolisema kabla yake walikuwa wajinga.