Ukizuru Wajir, yafuate maji

MJI wa Wajir hauna mto wala ziwa, ilhali enzi za ukoloni maafisa Waingereza waliopelekwa huko walianzisha klabu wakaiita Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya mashua. Ulikuwa mzaha wa watu waliochoshwa na mchanga. Hata hivyo, kituo cha serikali kilichojengwa hapo mwaka wa 1912 hakikuwa na sababu nyingine ila maji yaliyo chini ya mchanga huo.

Jambo hilo halina budi kueleweka na yeyote anayepanga safari ya Kaskazini Mashariki. Anayekwenda Maasai Mara au Amboseli huchagua mbuga, kisha hoteli, kisha mnyama anayetaka kumwona. Wajir haina mpangilio wa namna hiyo. Mgeni anayezunguka nyikani akitafuta vivutio huenda akarudi na vumbi tupu. Anayeyafuata maji atakuta mifugo, wanyamapori na watu mahali pamoja. Hata majina ya miji ya eneo hili yanaeleza hayo: “el”, tunayoikuta katika Elben na Elwak, ni kisima kwa Kisomali, nalo jina Habaswein maana yake ni vumbi kuu.

Pa kuanzia ni visima vya Orahey, mjini Wajir kwenyewe. Mji umekaa juu ya tabaka la mawe ya chokaa, na maji hayako mbali na uso wa ardhi. Masimulizi ya wenyeji huvihusisha visima vya kale na watu wa miraba mikubwa waitwao Madanle. Jina la Wajir nalo inasemekana limetokana na neno la Kiborana lenye maana ya kukusanyika, kwa kuwa koo mbalimbali zilikutana hapo kunywesha mifugo.

Ni vyema kufika asubuhi. Wachungaji huteka maji kwa ndoo na kamba na kuyamimina horini, huku wakiimba nyimbo za kunyweshea zinazoshikanisha mwendo wa mikono. Ngamia mwenye kiu aweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, kwa hivyo wimbo si wa kujifurahisha tu. Kando yao hupita mikokoteni ya punda ikisambaza maji mitaani. Mgeni asisahau kwamba kisima kina wenyewe na zamu ina mpangilio wake. Salamu hutangulia, ruhusa hufuata, na kamera huja mwisho.

Adabu hiyo ina historia ya damu nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mapigano ya koo yaligharimu maisha ya watu wengi wilayani humo. Wanawake wa Wajir, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni, wakahakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kufukuzwa. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka wa 2007, na akafariki 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Kwa maoni ya mwandishi huyu, saa moja katika soko la maziwa la Wajir ina thamani kuliko safari nyingi za kuwatazama simba kupitia dirisha la gari.

Hapo sokoni mgeni ataonja maziwa ya ngamia, mabichi au yaliyogandishwa, yenye harufu ya moshi wa vyombo vilivyofukizwa. Asikose nyirinyiri pia, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta ili idumu kwa muda mrefu. Ni chakula cha watu wanaohama. Nyumba za fito zilizopindwa na mikeka, ambazo hujengwa na wanawake, nazo hubomolewa na kupakiwa juu ya ngamia malisho yanapokwisha.

Kuhusu wanyamapori, nyika hii ni makao ya twiga mwenye alama zilizochorwa kama wavu, swala twiga na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya rangi ya samawati. Katika kiangazi cha Januari hadi Machi, na kile cha Juni hadi Septemba, wanyama hukaribia maji na ni rahisi kuwaona. Lakini msimu huo ndio wa dhiki. Desemba 2021, twiga sita walikufa katika hifadhi ya jamii ya Sabuli baada ya kukwama kwenye tope la bwawa lililokuwa likikauka. Gari la mgeni halipaswi kuegeshwa kati ya mnyama na maji. Mvua nazo si salama kwa msafiri: mwishoni mwa 2023 mafuriko yalikata barabara kote Kaskazini Mashariki.

Kinamasi cha Lorian, upande wa Habaswein, ndiko unakoishia mto Ewaso Ng’iro wa kaskazini. Zamani kilisifika kwa makundi ya ndovu. Maji yamepungua kwa sababu, miongoni mwa mengine, mashamba ya juu huyatumia kabla hayajafika. Anayekwenda huko mwaka wa ukame ajiandae kuona nyasi kavu.

Pako mahali pengine ambapo si pa kwenda kwa udadisi. Mnamo Februari 10, 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikuwa wamekusanywa na wanajeshi katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Wenyeji wamesema siku zote kwamba idadi ni kubwa mno kuliko hiyo, na tume ya ukweli, haki na maridhiano ililichunguza suala hilo katika ripoti yake ya 2013. Mgeni asiende bila mwenyeji, wala asiwahoji wajane barabarani. Sheria za hali ya hatari ziliondolewa Kaskazini Mashariki mwaka wa 1991 tu, na wazee wanaosafiri kwenda Nairobi bado husikika wakisema wanakwenda “Kenya”.

Usalama uamue safari, si ujasiri. Desemba 2019, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa katika Kaunti ya Wajir na abiria wakauawa. Mataifa kadhaa ya kigeni huwashauri raia wao wasizuru kaunti za mpakani, na huenda bima isilipe. Ulizia hali kwa polisi na kwa wenyeji kabla ya kuondoka, usisafiri usiku, na kama mfuko unaruhusu, panda ndege kutoka Nairobi. Uwanja wa Wajir hutumiwa na jeshi pia, kwa hivyo usipige picha hapo.

Anayepita Garissa kwa barabara aweza kupumzika katika hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, kilomita chache kutoka mjini.

Maji ya kunywa yawe ya chupa. Ya visima vya Wajir yana chumvi, na kwa kuwa maji yako karibu na uso wa ardhi, vyoo vya shimo havichimbiki kwa urahisi. Wakazi wengi wametegemea vyoo vya ndoo kwa miongo mingi, hali iliyochafua visima na kuleta magonjwa ya kuhara. Unapooga hotelini, tumia ndoo moja.