Kutoka Nguvu hadi Mwendo: Historia ya Tiba ya Nyonga Iliyoteguka kwa Watoto Wachanga

Mwishoni mwa karne ya 19, Adolf Lorenz wa Vienna alikuwa akiirudisha nyonga ya mtoto mahali pake kwa nguvu za mikono, bila kupasua, kisha akiifunga kwa plasta kwa miezi kadhaa. Wengi walitembea, hata hivyo, kwa baadhi yao kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu kikafa. Mwaka 1937, Marino Ortolani wa Ferrara alieleza namna ya kuitambua kasoro hiyo kwa mikono tangu uchangani. Katika miaka ya 1940, Mcheki Arnold Pavlik alibuni mikanda iliyokunja mapaja lakini ikaacha miguu icheze. Hivyo, mwendo uliozuiwa awali ukawa ndio tiba yenyewe, mradi kasoro igunduliwe mapema.