Kwa Nini Wimbo wa Huzuni Hupendwa

Yafaa tuulize jambo hili: kwa nini mtu asiyefiwa huacha kazi yake, akaketi kusikiliza wimbo unaomliza? Katika nchi ya Tarime na Serengeti swali hili lina historia yake.

Wakuria wana kinanda kiitwacho litungu, chenye nyuzi nane na sauti nzito. Jirani zao Wajaluo, ambao wilaya yao ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007, wana nyatiti, yenye nyuzi nane vilevile. Kwa desturi ya Wajaluo mpigaji wa nyatiti huitwa matangani. Huketi chini, amevaa pete ya chuma katika kidole cha mguu, naye hugonga nayo mti wa kinanda ili kushika mapigo. Humtaja marehemu, na wazazi wake, na matendo yake. Watu hulia, kisha humtunza fedha ili aendelee. Tazama ajabu hii: watu hutoa mali ili wazidi kulizwa!

Sababu yake, nionavyo mimi, ni kwamba msiba usio na maneno humkalia mtu peke yake, bali ukipata maneno na mapigo huwa wa kusanyiko zima. Asiyefiwa leo alifiwa jana, naye katika jina la marehemu wa jirani humlilia wa kwake, wala hapana amwulizaye.

Na misiba haikukosa. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Afrika ya Mashariki; na kwa Wakuria, watoao mahari ya ng'ombe, kufa kwa zizi ni kufa kwa ndoa isiyofungwa bado. Katika vita vya 1939 hata 1945 vijana wengi wa Kikuria waliingia jeshi la King's African Rifles. Tena Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipowekwa mwaka 1951, watu wa Ikoma walizuiwa mbuga walimowinda baba zao.

Baadaye redio ilileta nyimbo za Kiswahili. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, alipendwa sana kwa wimbo wake uitwao Shida. Aliye mbali na Morogoro hakumjua mwimbaji, lakini neno lile alilijua.

Ndugu walimu, wako miongoni mwetu waziogopao nyimbo hizi, wakidhani humfundisha kijana kukata tamaa. Na tumkumbuke Daudi, ambaye kinubi chake ni cha jamii moja na litungu. Alipowaombolezea Sauli na Yonathani, aliagiza wana wa Yuda wafundishwe ombolezo lile. Hakutaka wakate tamaa, alitaka wasisahau. Basi kabla ya kumnyamazisha aimbaye kwa huzuni, tumwulize, “Unamlilia nani?” Na jibu lake tuliandike, kwa maana mpigaji akifa, majina aliyoyatunza huzikwa pamoja naye.