Kwa Nini Tela Hufungwa: Kutoka Victoria hadi Kongwa



Kila nikiteremka kutoka hapa Cedar Hill kwenda Houston huwa natazama matela, tabia niliyoipata tangu 2003. Tarehe 14 Mei mwaka ule, karibu na mji wa Victoria, Texas, watu 19 walikufa ndani ya tela lililofungwa. Walikuwa zaidi ya 70, wakitoka Harlingen kuelekea Houston. Wengi wetu tukasema, hayo ni mambo ya Wameksiko.

Ikaja Juni 2012. Kongwa, mkoani Dodoma, zikakutwa porini maiti za Waethiopia zaidi ya 40, waliokosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, Tete, Msumbiji: maiti 64 ndani ya kontena. Juni 2022, San Antonio: watu 53.

Kwa nini tela? Mpaka wenyewe si kazi kubwa. Moyale ni mji mmoja uliokatwa kati, na Rio Grande watu huivuka kwa maboya. Kazi iko mbele, kwenye vizuizi vya barabarani. Barabara ya 77 ina kituo cha ukaguzi pale Sarita, mbali kabisa na mpaka. Kwetu kuna vizuizi njia nzima mpaka Mbeya. Mlango hufungwa ili kupita hapo.

Halafu kuna mnyororo. Dalali wa Hosaena, kusini mwa Ethiopia, hana haja ya kumjua dereva wa Dodoma. Yuko wa kuvusha, wa kuficha Nairobi, wa kusafirisha. Kila mmoja analipwa kipande chake. Akikamatwa dereva, anatafutwa mwingine. Kesi ya Victoria angalau ilipanda juu, wakashitakiwa watu 14. Kwetu mara nyingi anayefungwa ni Mwethiopia mwenyewe, kwa kuingia nchini bila kibali.

Na pesa? Sehemu kubwa hutoka kwa jamaa aliyetangulia, yaani mimi na wewe. Simu huja usiku: "Mjomba, imebaki nusu, hawaniachii." Ukituma, umelipia tela la safari ijayo. Usipotuma, mtoto wa watu yuko mikononi mwao. Jamani, mimi simu hiyo nimeipokea, na nilituma. Alifika salama.

Kwa hiyo tukiandika historia ya biashara hii tusiishie kwa madereva na madalali. Walipaji nao waandikwe. Naomba kukosolewa.