Mgono, utupa na maji ya Katuma

Ukisimama Kawajense, mjini Mpanda, mwezi wa Oktoba, ni vigumu kuamini kwamba Katavi ni nchi ya samaki. Vumbi tupu! Lakini hebu tufuate maji. Mto Katuma unaanzia milima ya magharibi mwa Mpanda, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unapita Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake yanaendelea kwa mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Na Rukwa halina pa kutokea: maji yakifika pale, safari imeisha.

Sasa jiulize: Wabende, Wapimbwe na majirani zao walivuaje kwenye mito inayofurika masika na kubaki madimbwi kiangazi?

Jibu liko kwenye tabia ya kambale. Mvua zikikolea, kambale huingia kwenye mbuga zilizofurika ili kutaga mayai. Maji yakianza kupungua, samaki hurudi mtoni. Hapo ndipo mgono unapofanya kazi. Mvuvi anakatiza mkondo kwa uzio wa fito, anaacha mwanya, anautega mgono pale: mtego wa kusuka wenye mdomo mpana na koo la vijiti vinavyoelekea ndani. Samaki anaingia kirahisi, kutoka hawezi. Vitoto vinapenya kati ya vijiti na kwenda zao.

Kiangazi kikali ilikuwa zamu ya utupa. Majani yake yanapondwa na kutiwa dimbwini. Yana rotenoni, kemikali inayozuia seli kutumia oksijeni, hivyo samaki anaishiwa nguvu na kuelea huku oksijeni imemzunguka. Tofauti na mgono, utupa hauchagui: mkubwa na kitoto wote wanakufa. Kwa hiyo tusiseme kila mila ilitunza mazingira. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, na sababu yake unaiona.

Kisha ramani ikabadilika. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Ndani yake uvuvi ni marufuku. Hata Katabi, mzimu wa Wabende ulioipa hifadhi jina, anayesemekana kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, akajikuta ndani ya mpaka.

Lakini mpaka hauzuii maji kupungua. Juu ya mto, wakulima wa mpunga wamechepusha Katuma kumwagilia mashamba, na kiangazi mto unakauka kuliko zamani. Viboko wanabanana kwenye tope lililobaki. Kambale anaweza kuvumilia kidogo, maana ana kiungo juu ya matamvua kinachovuta hewa. Perege hana bahati hiyo.

Wa kulaumiwa ni nani? Mkulima naye ana watoto. Wali na samaki kwenye sahani moja wanagombea maji yaleyale, na sheria ya hifadhi peke yake haiwezi kuamua ugomvi unaoanzia nje ya hifadhi.

Kama una babu au bibi aliyewahi kutega mgono, muulize: aliutega mto gani, mwezi gani? Halafu nenda ukaangalie kama mwezi huohuo leo bado kuna maji. Hiyo nayo ni data, na wenye nayo wanazidi kupungua.