Uondoaji wa vifusi vya Kimbunga Helene katika Ziwa Lure

Uondoaji wa vifusi vya Kimbunga Helene katika Ziwa Lure ni kazi iliyofanywa kwa mikataba ya serikali ya shirikisho ya Marekani baada ya mafuriko ya Septemba 2024 katika jimbo la North Carolina. Vifusi hapa ni miti iliyong'olewa, mbao na mapaa ya nyumba, magari, mitungi ya gesi na gati ndogo za mashua, vyote vikiwa vimechanganyika na matope.

Ziwa na mafuriko

Ziwa Lure ni bwawa lenye eneo la karibu hekta 290 katika kaunti ya Rutherford. Lilipatikana miaka ya 1920 kwa kujenga ukuta wa zege kuvuka mto Rocky Broad. Tangu 1965 ni mali ya mji mdogo wenye jina hilohilo, ambao uchumi wake unategemea watalii. Sehemu ya filamu ya Dirty Dancing (1987) ilipigwa hapo.

Helene ilifika pwani ya Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024. Kesho yake mto ulifurika, ukabomoa sehemu kubwa ya kijiji cha Chimney Rock kilicho juu ya ziwa na kusomba majengo yake hadi ndani ya bwawa. Maji yalipita juu ya ukuta, na wakazi wa bondeni wakaambiwa wahame upesi kwa hofu kwamba ungebomoka. Ukuta ulistahimili. Katika jimbo zima watu zaidi ya 100 walifariki.

Mikataba

Mji wa ukubwa huo hauwezi kulipia kazi kama hii peke yake. Chini ya Sheria ya Stafford ya 1988, shirika la serikali ya shirikisho la kushughulikia maafa (FEMA) lina njia mbili. Linaweza kuurudishia mji gharama za mkandarasi aliyeajiriwa na mji wenyewe, au kukabidhi kazi kwa Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi. Katika Ziwa Lure ilitumika njia ya pili.

Kikosi hicho huwa na mikataba iliyotiwa saini kabla ya maafa, ili kazi ianze bila kungoja zabuni mpya. Faida yake ni haraka. Hasara ya mikataba mikubwa ilionekana baada ya Kimbunga Katrina mwaka 2005, wakati kampuni nne zilipopewa mikataba ya dola milioni 500 kila moja. Kazi ilishuka kutoka mkandarasi mkuu hadi wakandarasi wadogo, na wao wakawapa wengine, kila ngazi ikibaki na sehemu yake, hata mwenye lori akapata kiasi kidogo tu cha bei iliyolipwa na serikali. Sheria huagiza pia kwamba kampuni za eneo lililoathirika zipewe kipaumbele inapowezekana.

Upimaji

Malipo ya kubeba vifusi kwa kawaida huhesabiwa kwa yadi za ujazo (yadi moja ni karibu mita za ujazo 0.76), na hapa ndipo fedha nyingi huweza kupotea. Kila lori hupimwa na kupewa namba kabla ya kuanza kazi. Likifika kwenye eneo la kumwaga, karani aliye juu ya mnara hutazama mzigo, hukadiria asilimia iliyojaa na kuiandika kwenye stakabadhi. Matawi hayashikamani kama mchanga; asiyepunguza makadirio hulipia hewa. Kwa lori la yadi 40, tofauti ya kuandika asilimia 90 badala ya 70 ni yadi 8 kwa safari moja. Ndiyo maana inatakiwa karani asiwe mtu wa kampuni inayobeba.

Ziwani kuna ugumu zaidi. Magogo mengine huelea na mengine huzama, kwa hiyo kiasi hakijulikani mpaka yatolewe. Hata kuyafikia kunahitaji matishari yenye mashine za kuchimbia, au maji kupunguzwa ili mashine ziingie kutoka ufukoni.

Matope na gharama

Matope yana kanuni zake. FEMA hulipia kurudisha kina cha bwawa ikiwa tu mwenye bwawa anaweza kuonyesha kwa kumbukumbu kina kilivyokuwa kabla ya maafa, na kwamba alikuwa akilisafisha mara kwa mara. Mji usiotunza kumbukumbu hizo unaweza kubaki na matope yake.

Kwa kawaida serikali ya shirikisho hulipa angalau asilimia 75 ya gharama. Kwa Helene, Rais Joe Biden aliidhinisha asilimia 100 ya gharama za vifusi na hatua za dharura kwa siku 180. Gavana Josh Stein aliomba muda huo uongezwe. FEMA ilikataa Aprili 2025, na rufaa yake ikakataliwa pia.